Kazi Isiyo na Oda

Oktoba 1942, jijini New York, Peggy Guggenheim alifungua jumba lake la maonyesho, Art of This Century, akiwa amevaa hereni mbili zisizolingana. Sikio moja lilikuwa na hereni ya Alexander Calder, iliyochezacheza kila mvaaji alipogeuza shingo. Sikio la pili lilikuwa na hereni ya Yves Tanguy, yenye mchoro mdogo wa mandhari ya jangwa. Mama huyo alitaka wageni wake wajue kwamba hapendelei upande wowote, si wa sanaa ya dhahania, si wa wale waliochora kama watu waotao ndoto.

Kisa hicho husimuliwa zaidi kwa ajili ya mwenye masikio. Mchongaji anayekisikia leo afadhali amtazame aliyeifua ile hereni ya kuchezacheza. Calder wakati huo alikuwa mtu mzima wa miaka 44, na mwaka mmoja tu baadaye Museum of Modern Art ya New York ingemwandalia maonyesho makubwa. Hata hivyo alikuwa bado anakaa na koleo na nyundo, akikunja waya kwa ajili ya masikio ya watu.

Hakuacha hadi uzeeni. Dunia inamjua kwa sanamu zinazoning'inia na kuzungushwa na upepo, na kwa madude ya chuma kama *Flamingo*, lililosimamishwa Chicago mwaka 1974 likiwa na urefu wa mita 16 hivi. Katikati ya kazi hizo zote alitengeneza vipambo vinavyokaribia 1,800: mikufu, bangili, pete, hereni, pini za kifuani, hata mataji. Vingi vilikuwa zawadi kwa mkewe, ndugu na marafiki. Alivianza tangu mwaka 1906, akiwa na miaka 8 huko Pasadena, California, pale alipookota barabarani masalia ya waya wa shaba yaliyoachwa na mafundi wa umeme akawafulia mapambo wanasesere wa dada yake.

Sasa tumgeukie mchongaji wa Mwenge, Tabaka au Gikomba. Siku yake anaijua mwenyewe. Kuna oda ya vifaru 20 vya ukubwa mmoja, kuna mteja wa hoteli anayetaka sanamu ya Mmasai na mkuki, kuna ada ya shule. Oda ndiyo inayopika ugali, na anayeidharau hajawahi kudaiwa kodi ya chumba. Lakini msanii akifanya oda peke yake kwa miaka mitano, mkono hukariri. Huchonga pua ile ile akiwa amefumba macho, na siku akipata nafasi ya kuchonga apendacho, hakipati. Ile sanamu kubwa aliyokuwa akiiwaza inahitaji gogo la bei, miezi miwili na karakana tulivu, vitu ambavyo havikutani.

Hapo ndipo sanamu ndogo na kipambo cha mkono vinapomfaa. Vinamalizika kwa jioni moja au mbili. Vinakaa kwenye kopo la maziwa. Kikiharibika, kilichopotea ni shibiri ya waya. Harry Bertoia, ambaye baadaye alisifika kwa viti vyake vya waya na sanamu za chuma zinazotoa sauti, aliingia zaidi kwenye mapambo alipokuwa akifundisha ufuaji wa metali huko Cranbrook, Marekani, wakati wa Vita vya Pili, kwa sababu metali ilikuwa adimu na kipambo hakili metali nyingi. Uhaba uliomfunga mkono upande mmoja ulimwachia upande mwingine.

Ushauri wa kwanza basi ni kupunguza. Anayeanza achague metali moja na zana tano, abaki nazo walau miezi mitatu. Waya wa shaba nyekundu wa milimita 2 kwa pete na bangili, wa milimita 0.8 kwa kulabu za hereni. Koleo la mdomo wa mviringo, koleo la kukatia, nyundo ndogo, tupa, msasa. Fuawe si lazima inunuliwe: kichwa cha nyundo kubwa kilichozamishwa kwenye gogo kinatosha, mradi uso wake uwe umesuguliwa ukalainika kama kioo. Kovu lolote lililo kwenye nyundo au fuawe litajichapa kwenye shaba, na kulifuta huchukua muda mrefu kuliko kulitia.

Calder mwenyewe alikuwa mhandisi mwenye shahada, angeweza kujaza karakana mashine. Mapambo yake mengi hayana hata tone la lehemu. Aliunganisha kwa kukunja kitanzi, kwa kufunga waya juu ya waya, au kwa ribiti. Kiungo kinaonekana, nacho ni sehemu ya urembo. Kwa fundi asiye na mtungi wa gesi hiyo ni habari njema, na hata kwa aliye nao ni shule nzuri, kwani lehemu huficha uvivu wa kufikiri namna vitu viwili vinavyoshikana.

Waya huo utoke wapi? Afrika Mashariki haina upungufu wa mazoea haya. Misafara ya karne ya 19 ilibeba kutoka pwani marobota ya waya mnene wa shaba, ulioitwa masango, na mafundi wa bara wakaugeuza vikuku na bangili za mizunguko. Leo waya hutoka kwenye nyaya za umeme, nazo zina masharti yake. Zinunuliwe kwa muuza vyuma chakavu mwenye leseni, na risiti ihifadhiwe. Januari 2022 serikali ya Kenya ilisimamisha biashara ya vyuma chakavu baada ya minara ya umeme kuhujumiwa na nchi kuingia gizani, na fundi aliyekutwa na shaba isiyo na karatasi siku kama zile hana la kujitetea. Tena, ganda la plastiki litolewe kwa kisu. Wengi huuchoma waya ili kuokoa nusu saa, wakavuta moshi ambao mapafu hayausahau, na shaba yenyewe ikabaki na masizi.

Lipo jambo moja ambalo masonara wanalijua na wachongaji wa mbao huligundua kwa machungu. Shaba ikipigwa nyundo hukakamaa. Mapigo ya mwanzo inatii, baadaye inaanza kurudisha mkono kama springi, ukiilazimisha inapasuka. Dawa yake ni moto. Kipande kiwekwe kwenye jiko la mkaa linalopulizwa vizuri, au chini ya mwako wa gesi, hadi kiwe chekundu cha kufifia, kisha kitumbukizwe majini. Hutoka kimelainika hata kidole kinakikunja. Kazi hii ifanyike kivulini. Juani wekundu ule hauonekani, na fundi huendelea kupasha akidhani bado. Shaba nyekundu inavumilia, maana huyeyuka kwenye nyuzi 1,085 za Selsiasi. Fedha ya masonara, ile yenye sehemu 925 kwa 1,000, huanza kulegea kabla ya nyuzi 900, na bangili iliyochukua siku nzima inaweza kujikunja ikawa tonge huku mwenyewe akitazama.

Mbao haimfundishi mchongaji jambo hilo. Mpingo humfundisha kuondoa, na kilichoondoka hakirudi. Waya humfundisha kuongeza, kujuta na kuanza upya. Akikaa na vyote viwili, jicho lake huanza kuona mstari ndani ya gogo, na hapo faida ya kipambo inavuka mpaka kurudi kwenye sanamu.

Mfano mzuri ni hereni inayoning'inia kwa mizani, aina aliyoipenda Calder. Ijengwe kutoka chini kwenda juu, kamwe si kutoka juu kwenda chini. Fundi achukue kijiti cha waya cha sentimita 9. Upande mmoja afunge kibati cha gramu 2, upande wa pili cha gramu 4. Uzi wa kukitundikia ukikaa sentimita 6 kutoka kwenye kile chepesi na sentimita 3 kutoka kwenye kile kizito, kijiti kitalala sawasawa, kwani 2 mara 6 ni 12, na 4 mara 3 ni 12. Waya wenyewe nao una uzito, kwa hiyo kitanzi kitasogezwa kidogo huku na huku hadi kitulie. Kikishatulia, kijiti chote kinakuwa mzigo mmoja wa kutundikwa kwenye kijiti cha juu yake. Msanii aliyefanya zoezi hili mara kumi kwa hereni anaweza kutundika sanamu ya mita tatu kwenye dari ya benki bila kubahatisha.

Mwili wa mtu si kabati la maonyesho. Sanamu ya mezani inaweza kuwa na ncha kali, nzito, isiyogusika. Kipambo kinalala juu ya ngozi, kinashika nywele, kinakwaruza mtoto anayebebwa, kinaingia jasho. Uzito ndio kosa la kwanza la wachongaji. Mchemraba wa mpingo wenye pande za sentimita 2 una karibu gramu 10, na mpingo hauelei, huzama majini. Mchemraba huo huo ukiwa wa shaba unapita gramu 70. Tundu la sikio likibebeshwa zaidi ya gramu 10 kwa siku nzima, mvaaji atazivua hereni kabla ya chakula cha mchana na hatazivaa tena. Mizani ya jikoni ya kidijitali ikae mezani tangu mwanzo. Sehemu nene zitobolewe kwa nyuma, ambako hakuna anayeona.

Ngozi nayo ina maoni yake. Shaba nyekundu huacha rangi ya kijani kwa watu wenye jasho la chumvi nyingi. Haina madhara makubwa, ila mteja aambiwe mapema, na upande wa ndani upakwe nta mara kwa mara. Nikeli ni jambo zito zaidi. Huwasha watu wengi, na Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha mikrogramu 0.2 kwa sentimita ya mraba kwa wiki kwa vipini vinavyopita kwenye tundu la mwili. Anayetaka kuuza huko asinunue kulabu za hereni kwa kukisia. Shaba ya manjano ya mabomba na kufuli kuukuu, inayopendwa sana na mafundi wa jua kali, mara nyingi imetiwa risasi kidogo kiwandani ili ichongeke kirahisi. Itumike kwa sanamu na vishikio, isitumike kwa vitu vya watoto, ambao kila kitu kwao ni cha kutiwa mdomoni. Risasi ya mafundi redio isitumike kwenye kipambo chochote.

Pumzi pia. Bati na waya wa seng'enge vimepakwa zinki, na zinki ikipashwa hutoa mafusho meupe. Anayeyavuta mchana huanza kutetemeka usiku, homa, viungo vikiuma, na kwa kuwa yuko Mombasa au Morogoro anameza dawa ya malaria. Kesho yake amepona, anasema dawa imefanya kazi, anarudi kwenye moto ule ule. Shaba ya manjano ikiyeyushwa hufanya hivyo hivyo, kwa kuwa zinki imo ndani yake. Vumbi la mfupa na la mpingo linahitaji barakoa ya kuchuja vumbi, si kitambaa. Wapo wachongaji ambao mpingo uliwalisha miaka 20 kisha ukawakataza kuusogelea kwa upele na kukohoa.

Kuhusu pembe za ndovu na magamba ya ng'amba hakuna mjadala. Biashara ya kimataifa imefungwa, na Kenya ilichoma tani 105 za pembe za ndovu Aprili 2016 ili asiwepo wa kusema hakusikia. Mfupa wa ng'ombe kutoka machinjioni, ukiondolewa mafuta vizuri na kung'arishwa, hutoa weupe unaoridhisha. Mpingo upo chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti biashara ya viumbe walio hatarini, pamoja na jamaa zake wote wa *Dalbergia* tangu Januari 2017, ingawa tangu Novemba 2019 bidhaa zilizokamilika ambazo mbao yake haizidi kilo 10 kwa shehena zimesamehewa masharti ya mkataba huo. Hapo mapambo madogo yana nafuu ambayo sanamu ya urefu wa mtu haina. Vibali vya misitu vya nchi yenyewe vinabaki palepale.

Vitu visivyo na thamani ndivyo vimewapa wengine majina. Mafundi wa fedha wa Lamu hutengeneza pete zenye vipande vya vyombo vya kaure vilivyovunjika zamani. Sahani iliyokuja na jahazi ikapasuka, kigae chake kikaokotwa, kikasuguliwa kingo, kikazungushiwa ukuta mwembamba wa fedha. Mchongaji akikitazama kwa makini atagundua kwamba fundi hakuilazimisha kaure iwe duara kamili. Ukuta wa fedha ndio uliofuata umbo la kigae. Jijini Nairobi, Cyrus Kabiru, aliyezaliwa mwaka 1984, alianza kujitengenezea miwani kwa takataka za mtaani kwa kuwa utotoni alinyimwa miwani. Mfululizo wake wa *C-Stunners*, miwani ya nyaya, vijiko na vipuri vya kompyuta, ni sanamu na ni vazi kwa wakati mmoja, na mwaka 2015 ilikuwamo katika maonyesho ya *Making Africa* kwenye Vitra Design Museum, Ujerumani. Hakuna mteja aliyeleta oda ya miwani isiyoonesha kitu.

Muda ndio mgumu. Ahadi ya "nikimaliza oda hii nitafanya yangu" haina mwisho, kwa sababu oda haziishi. Zikiisha, shida imeanza. Wanaofaulu hutenga saa maalumu, mara nyingi alfajiri kabla karakana haijajaa au jioni moja ya wiki, na meza yao ya kazi binafsi haichangamani na ya biashara. Hata kama meza hiyo ni ubao juu ya magoti. Simu iwe mbali, kwa kuwa picha ya kitu ambacho hakijaisha ikishatumwa kwa marafiki, maoni yao huanza kushika nyundo.

Vitu kumi vya mwanzo visiuzwe. Apewe dada, shangazi, rafiki anayejua kusema kweli, na masharti ya zawadi yawe hayo tu: avae wiki mbili, kisha aeleze kinachokera. Hakuna mnunuzi atakayetoa taarifa ya namna hiyo. Mnunuzi hanung'uniki, harudi tu. Mkufu wa Calder uitwao *The Jealous Husband*, wa waya wa shaba ya manjano, unaotunzwa Metropolitan Museum, umekaa mabegani na shingoni kama ngao, na mtu akiuona hawezi kuuchanganya na wa msanii mwingine. Uhodari wa namna hiyo hauanzii dukani.

Kila kipande kipigwe picha kikiwa na rula pembeni, kiandikwe kwenye daftari: tarehe, metali, unene wa waya, uzito, saa zilizotumika, aliyepewa. Daftari la shilingi chache litamwambia, baada ya mwaka, umbo analolirudia bila kujijua, na hilo ndilo la kufuata kwenye sanamu kubwa. Siku akiamua kuuza, safu ya saa ndiyo itakayompa bei. Wengi hutoza metali na kusahau mikono.

Asiogope pia kwenda kwa sonara. Kuna mambo ya moto, tinkali na lehemu ya fedha ambayo kitabu hakifundishi vizuri kama kukaa kwenye kibao siku mbili ukitazama, na masonara wengi wa miji ya pwani hukubali mtu mzima anayeomba kwa heshima na kulipia soda.

Na pete? Kila mchongaji huishia kwenye pete, mara nyingi kwa ajili ya mtu fulani. Kikaratasi kizungushwe kidoleni jioni, vidole vikiwa vimejaa, kipite na kwenye kifundo. Ikiwa kinasoma milimita 57, waya wa milimita 2 usikatwe 57. Unene wake huila nafasi ya ndani, kwa hiyo huongezwa 2 mara 3.14, na kipande kinakuwa cha milimita 63. Wengi husahau, na pete yao ya kwanza humfaa mtoto wa nyumba ya pili.

Calder alifua ya dhahabu kwa ajili ya mchumba wake, Louisa James, kwa msaada wa sonara mmoja wa Paris, yenye mzunguko wa konokono juu na waya uliojizungusha kidoleni. Alidhani ndiyo pete ya ndoa. Bibi harusi akaiita ya uchumba, na Januari 1931 wakalazimika kwenda mji wa Waltham, Marekani, kununua ya ndoa dukani kwa dola 2.